Pardon Niliyoomba kwa Jina Lako

Papa,

Kabla hujasema "huyu mutoto ameanza tena makaratasi yake," tazama vizuri: safari hii nimeandika Kiswahili. Unakisoma mwenyewe bila shida, kama unavyosoma Zaburi yako asubuhi, kidole kikitembea chini ya mustari. Sikutaka mutu yeyote akutafsirie. Zaidi ya yote, sikutaka mutu huyo akuwe mie.

Hii barua iko mbili. Moja inakuja kwako Kibumba mukononi mwa Mama Katungu, yule anayepanda huko kila juma kununua kabichi. Ya pili nimeibandika kwenye ubao wa meza yangu hapa Murara, chini ya maandishi yangu mekundu: PALUKU, BARUA ZA KILA AINA, FRANÇAIS YA JUU. Kwa hiyo majirani wataisoma kabla yako. Wacha wasome. Uongo wangu niliusema juani, nikiusahihisha kwa kunong'ona nitakuwa nimedanganya mara ya pili. Na ninyi munaosimama hapo kwenye ubao, musisukumane, na mwenye kula beignet asipakae karatasi mafuta.

Wananijua, Papa. Mie ndiye Paluku aliyekunywa chai Kampala, akala nyama ya kuchoma Bujumbura, akalala Nairobi siku tatu na kurudi na viatu vipya. Watu wa mipaka wananisalimia kwa jina, wengine hata kwa jina la utani. Kwa mudomo, commune yote ya Karisimbi haijazaa mutu wa kunishinda. Na juu ya huo mudomo, wewe leo unachimba viazi kwenye shamba la mutu mwingine, katika umri ambao wazee wenzako wanaota jua na kugombana juu ya siasa.

Nakumbuka mulango wa Keshero. Nilikuwa bado sijaota hata jino la kutafunia mahindi vizuri, na Mama alinituma nikuletee chakula pale kwenye nyumba ya wageni uliyokuwa unalinda muchana. Mulango ulikuwa mukubwa, wa chuma, rangi ya kijani. Ulizijua motokari zote kwa honi, unasema jina la mwenye gari kabla hujachungulia kwenye tundu. Siku moja ukaniruhusu nisukume mulango. "Sukuma kama mwanaume," ukaniambia, "si kama unafunika sufuria." Nikasukuma mpaka nikaanguka, na muzungu aliyekuwa ndani ya gari akacheka, na wewe ukacheka, na mie nikakasirika kutwa nzima.

Ndani ya ukuta wa lupango ile, kwenye uwanja wa nyumba, kulikuwa na muti wa avoka. Tawi moja lilitoka inje juu ya ukuta. Nikaokota avoka iliyoanguka ndani, kubwa, imeiva, nikaificha kwenye shati. Ukaiona. Nikasema, "Papa, imeanguka yenyewe."

"Ikianguka ndani, ni ya patron."

"Na ikianguka inje?"

"Ni ya mbuzi."

"Na sisi je?"

"Sisi tuko na kwetu."

Nikaiacha pale chini. Hata leo nikipita sokoni nikaona avoka, nasikia aibu kama nimeiba. Hivyo ndivyo ulivyokuwa mujinga, Papa. Miaka kumi na tisa kwenye mulango mumoja, ukilinda mpaka matunda yaliyojiangukia yenyewe, kwa patron ambaye mpaka mwisho hakujua kama unaitwa Mumbere ao Kambale. Nikikuwaza na ile koti yako ya mvua inayokufika kwenye visigino, na zile botte za mpira miguuni zilizokuzidi kipimo, nacheka. Ulikuwa kama kengele imevaa mutu. Nacheka, halafu naweka kalamu chini, na wateja wananiuliza, "Paluku, nini?"

Halafu pompe ikapotea.

Kwa wasiojua: ni ile pompe iliyokuwa inavuta maji ya ziwa na kuyapeleka kwenye tanki. Asubuhi moja bomba zilikuwepo, pompe haipo. Gestionnaire, yule kijana musimamizi wa nyumba, wa shati la kubana na manukato ya kufukuza mbu, hakuuliza mupishi, hakuuliza mutu wa jardin mwenye kukata majani, hakuuliza walinzi wa zamu ingine. Akakuletea wewe karatasi yenye muhuri: demande d'explication. Ujieleze kwa maandishi, ndani ya siku mbili. Ukaja nayo kwenye meza yangu, umeikunja mara nne, kama mutu anayebeba kitu cha moto.

"Andika asema sikuiba," ukaniambia. "Sijui nani aliiba. Basi."

"Papa, hiyo ni barua ao ni kikohozi?"

"Ni ukweli."

"Ukweli nao unavaa nguo. Unataka kumutumia patron ukweli uchi?"

Ukacheka. Ulipenda nilivyokuwa nasema. Ukavuta kiti, ukawaambia wateja wengine waliokuwa wanangoja, "Muache kwanza, mutoto wangu anafanya kazi yangu." Ulijisikia, Papa. Ulijisikia kuliko siku za Pasaka.

Sasa nieleze kilichonipoteza, maana hata hakimu ataniuliza, na mutu wa mbali hawezi kukielewa. Wewe ndiye ulinifundisha. Unakumbuka mbuzi wa Baba Mudogo Kasereka, aliyekula maharagwe ya jirani? Si mie niliyemufungua. Lakini ulinipigisha magoti mbele ya yule jirani. Nikalia, "Papa, si mie!" Ukaniambia sikioni, "Omba pardon kwanza. Moto unazimwa, halafu ndipo munatafuta nani aliuwasha." Na ikawa kweli. Jirani akapoa, akaniinua, tukakaa wote, ikaonekana mutoto wake mwenyewe ndiye alikuwa amekata kamba. Alicheka mpaka akatupa kuku. Kwetu hivyo ndivyo inakwenda: mukubwa akikasirika, mudogo anaanza na pardon, awe na kosa, asiwe na kosa. Pardon si kukubali. Pardon ni maji.

Nikaipeleka hiyo akili kwenye ofisi. Sikujua ofisi haizimiki kwa maji. Ofisi inaweka kila kitu kwenye faili.

Nikakuandikia kurasa mbili. Papa, zilikuwa nzuri! Nikisema nzuri, ni nzuri. Nilikutupa miguuni pa yule kijana mara tatu, kila mara kwa neno tofauti. Nilisema unasikitika sana kwa jambo hili. Nilisema wewe ni baba wa familia, na tumbo zinakutazama. Na mwisho nikapiga ile sentensi ambayo kila mutoto wa shule yetu anaijua kama Baba Yetu, juu tunaiandika kila siku tukichelewa, tukipiga kelele, tukivunja kioo: ceci ne se répétera plus. Haitarudia tena.

Uliniuliza swali moja tu, ukiwa umeshika kalamu.

"Ile neno yangu, uliiweka?"

"Gani?"

"Asema sikuiba."

"Iko ndani, Papa."

Haikuwa ndani. Nilikuwa nimeiandika mwanzoni, nikaifuta. Nilijiambia ni fupi, inaharibu muziki. Ndiyo, nimeiandika hapa, watu wote waisome: Papa yangu alinipa neno mbili za kweli, na mie nikazitupa juu hazikupendeza. Ukaweka signature yako pole pole, ile yenye mukia murefu, ukapuliza wino kama unapuliza chai.

Siku ya tatu ukafukuzwa. Barua yao ilikuwa na mistari saba, imeandikwa vibaya, hata accent juu ya herufi hazikuwepo. Lakini ilikuwa na meno. Ilisema kosa lako ni zito, kwa hiyo hakuna préavis, ile notisi ya kabla, hakuna chochote, na kwamba wewe mwenyewe ulikubali kwa maandishi, ukaahidi kwamba wizi hautarudia tena.

Wakakuambia uvue koti na botte, ni mali ya nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha. Gestionnaire alisimama chini ya paa akakutazama ukivua, ukazipanga botte vizuri, moja pembeni ya ingine, vidole vikitazama ukuta, kama unavyofanya siku zote. Akakuambia, "Muzee, fanya mbio, tunafunga." Hakukuwa na mutu wa kukufungulia mulango, mwenye kuufungua alikuwa ni wewe. Ukajifungulia, ukatoka, ukaurudisha nyuma yako. Kutoka Keshero mpaka Murara ukatembea miguu mitupu juu ya mawe ya volcano, na ulipofika, Mama alikuosha miguu kwenye beseni na maji yakawa kama supu ya nyanya. Mie nilikuwa nimesimama mulangoni. Unajua nilisema nini? Nilisema, "Watanijua mie ni nani." Mudomo, Papa. Damu kwenye beseni, na mudomo mulangoni.

Barua yako ikatembea. Sijui nani aliitoa ofisini, lakini haikupita juma moja na wewe ulikuwa umepata jina jipya. Papa Haitarudia. Ukipita kwenye bomba la maji, wamama wanashika bidoni zao: "Papa Haitarudia, yetu haiko na pompe, usijisumbue!" Ulikuwa unawasalimia. Unawasalimia! Mutu anakutemea mate, wewe unauliza kama watoto wameamka vizuri. Nilikuchukia kwa hilo, Papa, nakuambia kweli. Nilitaka upigane na mutu, yeyote, hata na mie. Hasa na mie.

Halafu tukaenda inspection du travail, ofisi ya serikali inayosikiliza mambo ya wafanyakazi. Nilijisifu njia nzima: mie nitasema, wewe nyamaza, hawa watu nawajua. Mama inspecteur alikuwa mupole, miwani imeshuka kwenye pua. Gestionnaire alikaa kule, muguu juu ya muguu. Mama akasoma kurasa zangu mbili, zote, bila kuruka. Akaondoa miwani.

"Muzee, nani aliandika hii?"

Nikafungua mudomo. Ukanitangulia.

"Ni mie."

"Unajua Kifaransa?"

"Kidogo, mama."

"Unajua hapa mwisho umesema nini? Umesema haitarudia tena. Kitu ambacho hakikufanyika, muzee, kinarudiaje?"

Nilikuona ukielewa. Hukugeuka. Ulitazama mikono yako, ukaisugua kwenye magoti, ukasema, "Kama jina yangu iko chini, basi ni yangu."

Gestionnaire akacheka kwa pua. Na mie? Mie niliyeshinda mabishano ya Kampala na ya Bujumbura? Nilisoma kalenda ya ukutani. Mpaka leo naweza kukutajia siku zote za kupumzika za mwezi ule.

Mama inspecteur aliwauliza wao kama watakulipa haki zako ao kukurudisha kazini, wakakataa. Akaandika kwamba hatukupatana, akakupa kopi. "Muzee, haijaisha," akasema. "Hapa kwangu ni kusuluhisha tu. Kwa hii karatasi, unaweza kuwapeleka tribunal, mbele ya hakimu. Uko na miaka mitatu tangu ulipofukuzwa. Ikipita, hata Mungu akija na advocat hawatamusikiliza." Halafu akanitazama mie, si wewe. "Na kama kuna mwingine aliyeandika hii barua, aje aseme kule."

Inje ukaniambia, "Twende, mama yako anatungojea na chakula." Hilo tu. Kisha mukaenda Kibumba, wewe na Mama, na vyungu vyenu. Nilikuja mara moja. Ulinionyesha viazi. Ulinionyesha karoti. Ulinipa mufuko wa viazi nirudi nao. Hukusema neno moja juu ya barua.

Na unajua ukatili wa haya mambo uko wapi? Uko hapa: sasa mie nimekuwa fundi wa kweli. Mutu akija kwenye meza yangu na demande d'explication, nafunga buku ya maneno matamu. Namuambia, andika ulichofanya na usichofanya, kwa mistari mitatu, na usiombe pardon ya kitu ambacho si chako, hata kama moyo wako unakusukuma, hata kama bibi yako alikufundisha. Namuambia abaki na kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Namuambia, kama kazini kwenu kuna délégué wa syndicat, yule wafanyakazi waliyemuchagua awasemee, umuamushe, hiyo ndiyo kazi yake, hakuchaguliwa kwa ajili ya tumbo lake. Wakikufukuza, usiweke signature kwenye kitu ambacho hujasomewa na watu wawili. Dai barua inayosema sababu, dai attestation, cheti cha miaka uliyofanya kazi, hiyo hata mutu aliyefukuzwa anapewa. Nenda inspection kwanza, bila kupita pale tribunal haikupokei. Na usikae nyumbani ukingoja patron aote ndoto mbaya akuite, patron wanalala vizuri sana.

Mama Katungu, huyu huyu aliyekuletea barua, alikuwa mupishi wa cantine moja. Wakasema ameuza mafuta. Alikuja analia, amekwisha kupiga magoti kabla hajafika kwenye kiti. "Paluku, niandikie ile ya kuomba sana." Nikamukatalia. Nikamuambia, "Mama, mafuta uliuza?" "Hapana!" "Basi hiyo ndiyo barua yote." Akaniona niko muvivu. Alikwenda na mistari yake mitatu na délégué pembeni, na wao wakakosa pa kushika, wakamuacha kazini mpaka yeye mwenyewe alipotaka kuacha na kuanza biashara ya kabichi. Siku hizi ananibariki mbele ya watu: "Huyu kijana ana kichwa!" Kichwa nilikinunua, Papa, na wewe ndiye uliyetoa miguu yako. Watu wasiokuwa na damu na mie wanalala kwao salama, juu nilijifunzia kazi kwenye mugongo wako.

Sasa sikia kilichonifanya nichukue kalamu. Fundi wa maji wa ile nyumba, Muhindo, yule mwenye kigugumizi uliyekuwa unamugawia muhogo wako, alikuja kwangu mwezi uliopita. Aliitwa kutengeneza bomba kwenye shamba la shemeji ya patron. Akakuta pompe. Akaona mahali alipoiunga mwenyewe zamani, na muungo wake anaujua kama mwenye ng'ombe anavyojua pembe. Pompe ile ile. Inanywesha nyanya, Papa. Wewe umegeuka mwizi ili shemeji anyweshe nyanya.

Muhindo ni mutu mwema na mujinga kama wewe, akaenda kumuambia gestionnaire. Akadhani watafurahi. Gestionnaire akamusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kigugumizi chote, halafu akamuuliza: "Sasa kama hakuiba, aliomba pardon ya nini?"

Muhindo akalileta hilo swali kwenye meza yangu. Nani angejibu? Jibu ni mie.

Yuko tayari kusema mbele ya hakimu. Kwa hiyo nimekwenda kuuliza, na nimeelezwa na mutu anayejua, si na mudomo wangu: upande wao wamebaki na kitu kimoja tu cha kukushika nacho. Si pompe, si shahidi, ni kurasa zangu mbili. Nikisimama na kusema ni mie niliyeandika, kwamba wewe ulinituma neno lingine na mie nikalifuta, zile kurasa zinakufa. Lakini advocat wao hataniacha hivi hivi. Ataniuliza: wewe ni nani hata ujue Kifaransa cha kuandika? Ulisoma wapi? Diplôme yako iko wapi?

Sasa kaa vizuri kwenye hicho kigogo unachokalia kusoma, Papa.

Ile siku matokeo ya examen d'État, mutihani wa kumaliza shule, yalitoka, na barabara ya Murara ilijaa vijana waliofaulu, poudre nyeupe kichwani kama desturi, wakiimba, wakimwagiana. Nilikuwa nimeshuka kwenye kamyo ya mizigo kutoka Butembo. Wewe ulikuwa unajua niko kwa Mujomba, namaliza shule. Ukaniona kwa mbali, kichwa cheupe, mabega meupe. Ukapiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia tumboni mwako. Ukakimbia, na ile koti, na zile botte, ukaingia kwa muuza duka, ukatoka na kopo zima la poudre ukanimwagia yote. Ukacheza. Papa, ulicheza katikati ya barabara, mutu ambaye hata kwenye ndoa yako wanasema ulisimama kama mulingoti. "Mutoto wa sentinelle, wa mulinzi!" ukaimba. "Mutoto wa sentinelle amepata!"

Kichwa kilikuwa cheupe kwa sababu ya unga wa muhogo. Nilikuwa nimebeba mifuko kwenye kamyo. Shule niliiacha kwenye deuxième ya secondaire, mwaka wa pili tu, nikawa napanda makamyo mpaka Kampala, na Mujomba alinificha juu alikuogopa. Examen sikuifanya. Nilitaka kukuambia. Naapa nilifungua mudomo, na poudre ikaingia, nikakohoa, na wewe ukadhani nalia kwa furaha, ukaanza kulia na wewe. Baada ya hapo ungemuambiaje mutu?

Kwa hiyo hukuwa mujinga kuniachia barua yako. Uliipeleka kwa mutoto wako mwenye diplôme. Mutoto huyo hakuwahi kuwepo.

Mama Katungu ananiambia, "Ukibandika hii, meza yako imekufa." Ni kweli. Nabandika kila ukurasa wino ukikauka, na tangu asubuhi wateja watatu wamesoma na kwenda kwa yule jirani yangu mwenye mashini ya kuandikia. Mumoja amedai nimurudishie barua yake ya uchumba. Nimemurudishia. Anaweza kubaki bila kuolewa kwa Kifaransa sahihi.

Requête, ile barua ya kuwashitaki kwenye tribunal, iko ndani ya hii bahasha. Sikuiandika mie. Nilikwenda kwa mwalimu wa shule ya kanisa, pale paroisse, nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakinifika kwenye masikio, akaandika yeye, kisha akanitafsiria sentensi kwa sentensi na mie nikamuuliza kila neno kama mutoto wa darasa la kwanza. Imeanza hivi, na nimehakikisha kwa mwalimu mara mbili: Sikuiba. Sijui nani aliiba wakati ule. Leo kuna anayejua. Chini kuna nafasi ya signature. Usomewe na mutu mwingine kwanza. Si na mie, na si na mutu niliyemutuma mie. Ukiona ni kweli, weka mukia wako. Ukiona si kweli, washia nayo moto, viazi vitaiva.

Miaka mitatu inaisha mwezi huu. Sikuombi unisamehe, ningekuwa na ujasiri gani wa kutumia hilo neno tena kabla sijalirudisha lile nililolikopa kwa jina lako? Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho: ushuke. Siku ya kwanza utakayopata motokari. Nitakuwa nimesimama pale motokari za barabara ya Rutshuru, zinazopita kwenu, zinaposhushia watu, tangu saa kumi na mbili za asubuhi, na kesho yake, na kesho kutwa, mpaka tarehe ipite. Meza imekufa, siko na pengine pa kwenda.

Ukishuka, huna lazima ya kunisalimia. Shika njia yako, bila kugeuka. Mie nitatembea nyuma yako mpaka tribunal, na wakiuliza nani aliandika, sitakuacha ujibu wewe.

Mutoto wako wa kwanza, wa deuxième secondaire,
Paluku